Mikono Ndani ya Nyaya: Luteni Uhura Mbele ya Watu wa Likasi



Mada ya leo ilipobandikwa mlangoni, wenzangu wawili watatu waliniuliza kama katika mji wa shaba na kobalti mhadhara wa umma ni mahali pa kumzungumzia mwanamke wa televisheni ambaye hajawahi kuwepo. Swali ni zuri. Mimi ni mwalimu wa fasihi, na kazi yetu yote ni kushughulika na watu ambao hawajawahi kuwepo. Huyu nimemchagua kwa sababu watu wengi wanamsifu, na naona wanamsifu kwa mambo yasiyokuwa makubwa zaidi ndani yake.

Jina lake ni Uhura, luteni katika chombo cha anga kiitwacho Enterprise, kwenye tamthilia ya Kimarekani Star Trek. Ilianza kuonyeshwa tarehe 8 Septemba 1966, mwaka ule ule mji wetu ulipoacha kuitwa Jadotville, ikadumu misimu 3 na sehemu 79. Aliyemwigiza ni Nichelle Nichols, mzaliwa wa Robbins katika jimbo la Illinois mwaka 1932, mwimbaji aliyewahi kuimba na bendi za Duke Ellington na Lionel Hampton. Siku ya kufanyiwa majaribio alikuwa amebeba riwaya ya Robert Ruark inayohusu Kenya, jina lake Uhuru. Mtunzi wa tamthilia, Gene Roddenberry, alilipenda neno lile, irabu ya mwisho ikabadilishwa, basi. Juu ya jina sitaongeza kitu.

Kazi ya Uhura ni mawasiliano. Anakaa nyuma ya kapteni, kifaa sikioni, na kila sauti inayotoka nje ya chombo hupita kwake kwanza. Ninyi mliokua kabla ya simu za mkononi mnamjua mtu wa aina hii. Alikuwa yule wa foni, redio ya kuitana, katika kachumba ka misheni au ka mfanyabiashara, anayeita Manono, anayeita Kamina, huku sisi tumepanga mstari nje tukingoja habari ya mgonjwa au bei ya mahindi. Wakubwa walipita wakimwona kama sehemu ya mashine. Lakini msiba wa ukoo aliujua kabla ya mkubwa wa ukoo, na akikosea jina moja tu, watu wanalia matanga yasiyo yao.

Watunzi wa tamthilia hawakuliona hilo. Kwa sehemu nyingi Uhura hupewa sentensi mbili: kwamba njia za mawasiliano ziko wazi, na kwamba hakuna jibu. Nichols mwenyewe alichoka. Baada ya msimu wa kwanza alimpelekea Roddenberry barua ya kuacha kazi, maana jukwaa la muziki wa maigizo lilikuwa linamwita. Amesimulia mara nyingi kilichofuata: katika hafla ya NAACP, chama cha haki za watu weusi, aliambiwa kuna mpenzi wake mkubwa anataka kumsalimu, akageuka, akamkuta Martin Luther King. King alipopata habari ya barua ile alimkataza kabisa. Alimwambia kwamba kwa mara ya kwanza watu weusi wanaonekana mbele ya taifa zima jinsi wanavyopaswa kuonekana. Nichols akabaki.

Kisa hicho ni kizuri, ila kimetuzoesha kumtazama Uhura kama bendera. Kadhalika lile busu la Novemba 1968 kati yake na Kapteni Kirk, ambalo kila mwandishi wa magazeti hulitaja. Mtazame ile sehemu vizuri. Viumbe wenye nguvu za ajabu wamewashika wale wawili na kuwalazimisha kubusiana kama vikaragosi vya kuchezea, na wenyewe hawataki. Sherehe iko wapi hapo?

Sehemu ninayoipenda ilionyeshwa Septemba 1967, na inahusu kiumbe anayejiita Apolo anayekishika chombo kwa mkono mkubwa wa nishati. Mawasiliano yamekatika. Waliobaki ndani hawawezi kumfikia kapteni aliyeko chini kwenye sayari. Wanaume wanapiga hesabu zao, naye Uhura amefungua mashine yake, ameingiza mikono ndani, analehemu saketi moja baada ya nyingine. Ni kazi ngumu, yeye mwenyewe anasema ana miaka hajafanya kazi ya namna hiyo. Spock, msaidizi mkuu wa kapteni, ambaye hatoi sifa kwa mtu, anamwambia kwamba hamjui mwingine anayeiweza kazi ile kuliko yeye. Kisha anaondoka na kumwacha aendelee.

Ni sekunde chache tu. Mwanga wa chombo cha kulehemu uko usoni pake, na hakuna muziki wa kumpamba. Hapa Likasi, mji uliojengwa juu ya karakana, tunaelewa sekunde zile zina uzito gani. Kumweka mwanamke mbele ya mashine ili aibonyeze ni rahisi, kila ofisi inaweza. Kukubali kwamba mashine ikifa yeye ndiye wa kuifungua ni jambo lingine, na watunzi wa 1967 walilikubali mara moja wakalisahau. Ilibidi tungoje katuni ya mwaka 1973 ili Uhura ashike uongozi wa chombo, na hapo ni kwa sababu wanaume wote walikuwa wamerogwa! Katika tamthilia mpya, Strange New Worlds, iliyoanza Mei 2022 huku Celia Rose Gooding akimwigiza, wametengeneza mambo kidogo. Uhura wao ni kijana kutoka Kenya anayezungumza lugha 37, na katika sehemu moja mhandisi mkuu Hemmer anavunjika mkono, hivyo inambidi amwelekeze yeye kwa maneno huku kijana huyo akitengeneza mtambo kwa mikono yake. Ningeruhusiwa kuchagua, mimi ningempa dakika nyingi zaidi za namna hiyo na nyimbo chache kidogo.

Sasa nije kwenye lugha. Wiki moja baada ya Apolo, ilionyeshwa sehemu ambamo mashine ya utafiti iitwayo Nomad inamsikia Uhura akiimba. Haielewi wimbo ni nini, inaingia kichwani mwake kutafuta maana, na inafuta kila alichojifunza. Daktari na muuguzi Chapel wanaanza kumfundisha upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Anasoma kitabu cha Kiingereza neno kwa neno, anakwama, anakasirika, na hasira inatoka kwa Kiswahili.

Wengine hucheka hapo, kwa kuwa Kiswahili chenyewe kilikuwa cha kujikongoja. Mimi huwa sicheki. Watunzi walikuwa wamekadiria kwamba katika karne ya 23, mashine ikimfuta mtu maarifa yote, chini kabisa kitabaki Kiswahili. Sisi tulipewa hesabu ya kinyume. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, alionyesha jinsi Kiswahili kilivyosukumwa Katanga kama lugha ya kazi. Wakubwa wa Kibelgiji hawakutaka wafanyakazi wazungumze lugha zilizotoka migodi ya Waingereza kule kusini, na vijitabu vya maneno walivyojifunzia vilijaa amri: leta, chukua, fanya mbio. Kiswahili chetu kilianza kama lugha ya kuitikia. Kilichotokea baadaye katika kambi za wafanyakazi wa migodi hakikuwa mpango wa mtu yeyote. Watoto wa Mluba, Mbemba, Msanga na watu wa Maniema walicheza pamoja, wakakopa, wakakata viambishi vilivyowachosha, na lugha ya amri ikawa lugha ya kubembelezea mtoto. Kwa hiyo Uhura akikasirika kwa Kiswahili namsikia kama mtu wa kambi. Kwamba matamshi yake ni mabovu, hata juu yetu watu wa pwani husema hivyo hivyo.

Kuna sehemu moja ambamo Uhura hayupo kabisa, na mtu wa Likasi angepaswa kuiona kuliko zote. Ilionyeshwa Machi 1967. Kwenye sayari Janus VI kuna mgodi unaotoa madini ya kuendeshea mitambo ya nishati ya sayari nyingine nyingi. Kitu fulani chini ya ardhi kinaua wachimbaji, na wanaitwa wanajeshi. Mwisho inajulikana kwamba muuaji ni kiumbe wa jiwe, anaitwa Horta, naye ni mama: yale mawe ya duara waliyokuwa wakiyavunja kwa maelfu yalikuwa mayai yake. Katika mgodi mzima hakuna mwanamke anayesema hata neno moja. Mwanamke pekee katika hadithi ni yule anayechomwa na bunduki.

Mji wa madini usio na wanawake si ubunifu wa Hollywood. Kampuni ya migodi Union Minière, iliyoundwa 1906, kwa muda mrefu ilichukua wanaume kwa mikataba mifupi na kuwarudisha kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ndipo ilipokazana kuleta wake na watoto kambini, na sababu yake ilikuwa hesabu: mfanyakazi mwenye familia hukaa, hafi ovyo, na watoto wake ni wafanyakazi wa kesho. Mama aliingia kambini kwa kupewa posho ya chakula na somo la kushona. Karakana ya Panda, hapa hapa mjini, haikuwa yake. Watunzi wa Janus VI walichora mgodi wao kwa kalamu ile ile, hata kama hawakuwahi kusikia jina la mji huu. Madini yenyewe, lakini, waliyasikia. Kilomita 20 hivi kutoka hapa iko Shinkolobwe, na urani iliyotoka pale ndiyo iliyolisha sehemu kubwa ya mradi wa bomu la Hiroshima. Enzi ya atomu, ambayo hadithi zote hizi za anga ni watoto wake, ilipata mali yake ghafi kwetu. Kwenye hadithi zenyewe hatukupata kiti.

Kuna mwaka mmoja ambao naufikiria sana, 1977. Nichols alikuwa ameliambia shirika la anga la Marekani, NASA, waziwazi kwamba wanaanga wake wote wanafanana, na NASA ikampa kandarasi ya kwenda kuwatafuta wengine. Kwa miezi ya mwanzo ya mwaka ule alizunguka vyuo vikuu na vyama vya wahandisi, akiwaambia wanawake na watu weusi wapeleke maombi. Maombi yalizidi 8,000. Januari 1978 walitangazwa watu 35, wanawake 6 miongoni mwao na Wamarekani weusi 3. Humo alikuwemo Sally Ride, na Guion Bluford, na pia Judith Resnik na Ronald McNair ambao walikuja kufa pamoja katika chombo cha Challenger mwaka 1986.

Miezi hiyo hiyo, katika mkoa wetu uliokuwa ukiitwa Shaba, kampuni ya Kijerumani OTRAG ilikuwa imepewa na Rais Mobutu eneo la kilomita za mraba 100,000 hivi, kubwa kuliko nchi kadhaa za Ulaya. Tarehe 17 Mei 1977, vita vya Shaba vikiwa bado havijaisha, roketi yao ya kwanza iliruka kutoka uwanda wa juu wa kaskazini. Ya pili ilifuata Mei 1978. Ya tatu, Juni 1978, Mobutu alikuja kuitazama mwenyewe, ikaanguka. Mwaka 1979 mkataba ulivunjwa kwa shinikizo la mataifa, na kampuni ikahamia Libya. Roketi basi ziliruka kutoka Katanga, huo ni ukweli wa historia. Lakini ukiitazama picha ya mambo yale, Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule, ilitoa ardhi, njia ya kutua ndege na wabeba mizigo. Waliokaa mbele ya mashine, na waliozifungua zilipoharibika, walitoka Ujerumani. Nichols na Mobutu walikuwa wote wawili wanataka anga mwaka ule. Yeye alitafuta watu, mwenzake alikodisha uwanja.

Miongoni mwa wasichana waliomtazama Uhura kwenye televisheni Chicago alikuwepo Mae Jemison. Alisomea uhandisi wa kemia, kisha udaktari, akafanya kazi Sierra Leone na Liberia, na akajifunza Kiswahili. Tarehe 12 Septemba 1992 alipaa ndani ya chombo cha Endeavour, mwanamke mweusi wa kwanza kufika anga za juu, na kila zamu yake aliianza kwa sentensi ile ya Uhura ya kufungua njia za mawasiliano. Mwaka uliofuata walimwalika aigize kidogo katika Star Trek mpya ya wakati ule, wakamvalisha sare ya luteni. Sentensi ya Uhura aliisema kwa Kiingereza, maana waliokuwa wakimsikiliza walikuwa Houston.