Sigara Moja Tu
Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Nashukuru kwa kupewa nafasi hii baada ya kusomwa hesabu za mwaka. Mimi ni kijana mbele yenu, na si desturi kijana kuwaonya wazee. Lakini kalamu ya chama i mkononi mwangu, nayo imenionyesha jambo nisiloweza kulinyamazia.

Katika matumizi ya matanga mliyosomewa, baada ya unga, sukari, majani ya chai na kuni, limeandikwa neno "sigara". Kila tulipokesha na wafiwa, fedha za chama zilinunua pakiti mbili au tatu, zikapitishwa katika sahani pamoja na chai. Aliyetumwa dukani ni mimi. Nami nilichukua yangu nikijiambia, "Moja tu, kwa ajili ya baridi." Na mtu akiniuliza kama navuta sigara, nilimjibu bila haya kwamba sivuti.

Nadhani tuko wengi wa namna hiyo. Twavuta matangani, arusini na mwisho wa mwezi, kisha twapiga hesabu hivi: avutaye ishirini kwa siku yu hatarini, basi avutaye moja, hatari yake ni sehemu moja ya ishirini. Hesabu hiyo ni safi katika karatasi, lakini katika mwili wa mtu si kweli.

Mwaka 2018 jarida la madaktari wa Uingereza liitwalo BMJ lilitoa habari za uchunguzi uliokusanya pamoja matokeo ya tafiti 141. Ilionekana kwamba mwanamume avutaye sigara moja kwa siku hujiongezea karibu nusu ya ile hatari ya ugonjwa wa moyo ambayo avutaye ishirini hujiongezea. Kwa wanawake ni karibu theluthi.

Labda ndugu mmoja atasema, "Mimi hata moja kwa siku sifikishi." Uchunguzi mwingine, uliochapishwa Marekani mwaka 2017, uliangalia watu zaidi ya 290,000 wenye umri wa miaka 59 hadi 82. Wale ambao siku zote walivuta chini ya sigara moja kwa siku walikuwa na hatari ya kufa mapema iliyozidi kwa asilimia 64 ile ya watu wasiopata kuvuta kamwe. Na hatari yao ya kufa kwa saratani ya mapafu ilikuwa kama mara tisa. Sisemi kwamba avutaye kidogo yu sawa na avutaye sana. Azidishaye huzidi kudhurika. Nasema tu kwamba udogo wa sigara si ngao.

Sababu yaeleweka. Moshi, hata ukiwa kidogo, hudhuru ngozi ya ndani ya mishipa ya damu, na hufanya damu iwe rahisi kuganda. Bonge dogo la damu likiziba mshipa wa moyo, moyo hauulizi ile ilikuwa sigara ya ngapi. Wahenga walisema: mdharau mwiba, mguu huota tende.

Sasa nieleze lililonisukuma kusema. Katika matanga ya mwisho, mpwa wangu wa miaka 16 alichukua sigara katika sahani niliyoishika mimi. Nilitaka kumkataza, nikashindwa, kwa kuwa yangu ilikuwa ikiwaka mkononi. Ndugu zangu, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 yakataza kuuza sigara moja moja, na yakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Mwenye duka akifanya hivyo ana kosa. Itakuwaje chama cha ustawi kimgawie mtoto bure, mbele ya wazee wake, kwa fedha za michango yetu?

Tangu usiku ule sijavuta tena. Sisemi haya ili kuwaaibisha wazee waliozoea tumbaku kwa miaka mingi. Kuacha ni kazi nzito, na faida yake huanza mapema. Madaktari wasema kwamba mtu akiacha kabisa, ile hatari ya moyo aliyojiongezea kwa kuvuta hupungua kwa karibu nusu baada ya mwaka mmoja. Bali kupunguza tu, kama tulivyoona katika hesabu ile, hakutoshi.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano huu ukubali mambo mawili. Kwanza, neno "sigara" lifutwe katika matumizi ya chama, na fedha hizo zinunue maziwa ya wafiwa. Pili, wazee wetu waseme neno hili kwa vinywa vyao matangani, kwa maana vijana hawatalisikia kwangu kama watakavyolisikia kwao.

Twakusanyika matangani kumzika mmoja wetu kwa heshima. Tusianze hapo hapo safari ya mwingine.