Subira ya Aliyepotewa na Mpenzi Wake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu,

Aliyefiwa humwosha maiti wake, akamkafini, akamsalia na kumzika. Kila tendo katika hayo humpunguzia uzito wa msiba. Lakini wako miongoni mwetu wasiopata hata kaburi la kuzuru. Nyanda zetu hizi, tangu Murungu hadi Kasulu, zimewapokea waliokimbia machafuko ya Burundi mwaka 1972, tena 1993, tena 2015. Na kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya waliotoka Kongo. Wengi walipotezana njiani, mama na mwana, mume na mke. Mtu wa namna hiyo hajui akae matanga au amwekee mwenzake chakula.

Baadhi yetu humwambia: "Msahau, ndiyo kadari." Maneno hayo yana sura ya imani, lakini siyo mwenendo wa Mitume. Nabii Yaakub (A.S.) alipotewa na mwanawe Yusuf kwa miaka mingi. Alilia hata macho yake yakageuka meupe, na wanawe wakamlaumu kwa kumtaja Yusuf daima. Hakuacha kumtaja. Alimshtakia Mola wake peke yake, kisha akawaamrisha wanawe waende wakamtafute, wala wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Basi subira siyo kukausha machozi, wala siyo kukaa bure.

Sheria yetu nayo imelihifadhi tumaini hilo. Aliyepotea huhesabiwa yu hai. Mali yake hairithiwi mpaka ipatikane hakika ya kifo chake au kadhi ahukumu. Ole wake jamaa anayeharakisha kumtangaza nduguye kuwa maiti kwa kulitamani shamba lake!

Ndugu zangu, tuwasaidie wenzetu hawa. Msalaba Mwekundu hutafuta jamaa waliopotezana vitani. Tuwasindikize wakaandikishe majina. Mwenye habari ya kweli aifikishe hata ikiwa chungu, na asiye nayo asitunge ya kufurahisha. Tukae nao, tuwasikilize wakimtaja mpenzi wao, japo tumekwisha kuyasikia mara mia. Na kifo kikithibitika mbali, ipo Swala ya ghaibu: Mtume (S.A.W.) alimsalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi, ilhali yeye yuko Madina.

Ewe Mola uliyemrudisha Yusuf kwa baba yake, wakutanishe waliotengana hapa duniani. Na wale ambao hawatakutana hapa, wakutanishe katika Pepo yako. Uwape subira wanaongoja, na utupe sisi huruma ya kungoja pamoja nao. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.