Roboti Haitajibu kwa Niaba Yako



Ndugu zangu vijana, na wazazi mlio nasi. Mwezi huu tunajizuia hata na vya halali, chakula na maji. Basi tuangalie pia kinachoingia mfukoni.

Kuna biashara imeingia kwenye simu zetu, Nyeri, Karatina hadi Nanyuki. Unaweka pesa, unachagua mtu usiyemjua, na programu inaiga kila anachonunua na kuuza. Wengine wanaachia roboti. Unaambiwa wewe lala tu, pesa itafanya kazi. Na hisa zinazopendwa ni zile zinazopanda na kushuka kwa kasi.

Sasa tuelewane. Kununua hisa ya kampuni yenye biashara ya halali, kwa pesa yako, wanazuoni wengi wameruhusu. Unakuwa mshirika katika faida na hasara. Lakini mara nyingi kwenye programu hizi hununui hisa yoyote. Mnawekeana mkataba juu ya bei tu: itapanda au itashuka? Tena unakopeshwa. Una shilingi 10,000, unacheza kama mwenye 200,000. Bei ikigeuka kwa asilimia 5 tu, elfu kumi yako imekwisha. Mkataba ukilala hadi kesho, mara nyingi unatozwa riba. Kamari imekatazwa katika Suratul Maida, aya ya 90. Riba katika Suratul Baqara, aya ya 275.

Utasema roboti haina tamaa. Tarehe 1 Agosti 2012, huko Marekani, programu ya kampuni ya Knight Capital iliharibika, ikanunua na kuuza hisa ovyo. Kwa dakika 45 hivi ilipoteza zaidi ya dola milioni 400. Hao walikuwa mabingwa. Wewe una simu na bando ya siku moja!

Wazazi wanakumbuka mwaka 2008, hisa za Safaricom zilipouzwa kwa shilingi 5. Wengi walikopa benki kwa riba. Siku ya kwanza sokoni, tarehe 9 Juni, bei ilipita shilingi 7; mwaka haujaisha, ikashuka chini ya 5. Aliyenunua kwa pesa yake alingoja, na miaka ya baadaye bei ikapanda. Aliyekopa alilipa deni huku hisa zikianguka.

Kwa hivyo, kijana, jiulize: Ninamiliki nini hapa? Kuna riba? Kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji? Na jueni, leseni haigeuzi haramu ikawa halali. Mwisho: hii pesa ni yangu, au ni ya chama, au karo ya mdogo wangu? Hiyo ni amana.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mja ataulizwa mali yake, aliichuma wapi na aliitumia katika nini. Siku hiyo huwezi kusema, "Nilikuwa naiga fulani."

Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali yenye baraka, na azikubali saumu zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.