Daktari Akiandika "Rule Out TB"

Leo tunazungumzia maneno mawili ya Kiingereza ambayo huwatia watu wengi hofu hospitalini: "rule out".

Tuchukue mfano wa kijana afanyaye kibarua huko Olkaria, karibu na visima vya mvuke. Amekohoa kwa wiki tatu. Anaenda hospitali, na daktari anampa fomu ya maabara iliyoandikwa "Rule out TB", au kwa kifupi "R/O TB". Akiona hiyo TB, anaikunja fomu, anaitia mfukoni na kurudi nyumbani. Anaamini amekwisha kuambiwa ana kifua kikuu.

Sivyo, wasikilizaji. "Rule out" maana yake ni kuondoa uwezekano. Daktari anaiambia maabara, "Pimeni makohozi haya tujue kama ni TB au siyo." Hapo bado anauliza. Vipimo vikionyesha hakuna TB, atasema, "TB has been ruled out," yaani TB imeondolewa kwenye orodha. Akisema, "We cannot rule out TB," maana yake bado haijaondolewa, na uchunguzi unaendelea.

Wengine nao hujipimia wenyewe. Husema, "Kikohozi hiki ni ile gesi inayonuka mayai viza," au, "Ni vumbi tu." Ni kweli, gesi na vumbi vinaweza kuwasha koo na kifua. Lakini anayeishi penye vumbi anaweza pia kupata TB. Waachie wahudumu wa afya kazi ya kuiondoa.

Kwa hivyo, ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, ukitokwa na jasho jingi usiku, ukikonda au ukikohoa damu, nenda hospitali. Ipeleke fomu maabara siku hiyo hiyo, kisha urudi kwa majibu. TB inatibika. Matibabu ya kawaida huchukua miezi sita, na dawa hutolewa bure katika hospitali za serikali. Fomu ikikaa mfukoni, mwenye TB huendelea kuwaambukiza anaolala nao nyumba moja.

Na ikiwa TB imeondolewa lakini kikohozi kimebaki, rudi umwulize daktari, "Sasa tunatafuta nini?" Ni haki yako kuuliza.

Tukutane wiki ijayo. Kwaherini.