Stima Ikipotea, Wimbo Uendelee



Leo tunaimba nje, hemani, na spika zimeelekezwa kwa waumini. Sisi tulio nyuma yake hatutasikia sauti zetu vizuri. Hapo ndipo mwimbaji huanza kupaza, na kufikia wimbo wa tatu koo limekauka. Msishindane na spika. Kila mmoja amsikilize jirani yake. Usipomsikia, punguza sauti. Maikrofoni isielekezwe kwenye spika, zitalia. Kunyweni maji kidogo kidogo.

Stima ikipotea katikati ya ubeti, mtu asinyamaze wala kugeuka kumtazama fundi. Macho kwa mwalimu, tuendelee. Nyanya aliyeketi nyuma kabisa amekuja kusikia maneno ya wimbo. Tumtamkie yote, hadi mwisho.

Mungu awabariki.