Mkono Hujua Usilosema Ulimi

Jioni ya leo twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hulihukumu pasipo haki. Fundi stadi akiulizwa habari za kazi yake, mara nyingi hujibu maneno mawili matatu, kisha hunyamaza. Vijana waliosoma huondoka wakisema, "Mzee huyu hajui afanyalo." Je, ni kweli?

Hapa Ijuganyondo, karibu na Bukoba, asemaye Kihaya husikia ndani ya jina la mahali neno nyondo, yaani nyundo. Basi na tuanze na kazi ya chuma.

Zamani Wahaya waliyeyusha chuma chao wenyewe. Vyombo vya chuma vya bei nafuu vilipozidi kuletwa kutoka ng'ambo, tanuu zilizimika. Katika miaka ya 1970 wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, waliwaomba wazee walioikumbuka kazi hiyo waifanye tena. Wazee wakachimba shimo, wakachoma humo majani ya bwawani mpaka yakawa makaa. Wakajenga tanuu kwa udongo wa kichuguu na mavi ya chuma ya zamani, wakaingiza mirija ya udongo, wakavukuta. Chuma kikapatikana.

Mwaka 1978 wataalamu hao waliandika katika jarida la Science kwamba hewa ilipata moto ndani ya mirija kabla ya kufika kwenye makaa, na ya kuwa ufundi huo ni wa kale sana katika nchi hii. Maelezo hayo yalihitaji vipimo na kurasa nyingi. Wazee walikuwa wamekwisha kuyatenda yote kwa mikono. Kama wangalihojiwa barazani tu, tanuu isijengwe, ni mangapi yangalisalia bila kutajwa?

Hali ni hiyo hiyo kwa mpiga enanga, aimbaye habari za mashujaa kama Rukiza na Kachwenyanja. Ukimwuliza maana ya utenzi wake, atakupa kisa kwa ufupi, lakini kisa hicho si utenzi. Mlio wa nyuzi, mahali anaponyamaza, sauti anayoishusha, vyote vimo katika maana, wala havitoki kwa maneno matupu.

Sababu yake si ngumu kuifahamu. Fundi hakufundishwa kwa maelezo. Alikaa karibu na mkubwa wake, akatazama, akakosea, akarekebishwa. Elimu iliyoingia kwa macho na vidole haitoki upesi kwa ulimi. Hata sisi tuendeshao baiskeli, nani awezaye kumweleza mwenziwe namna ya kutoanguka?

Basi twawashauri ninyi wanafunzi. Mkimwendea fundi, msianze kwa kuuliza, "Maana yake nini?" Mwombeni afanye kazi mbele yenu. Mwulizeni kwa nini ameacha kipande hiki na kuchagua kile, na kazi mbaya huijuaje. Hapo ulimi wake utafunguka, kwa kuwa mkono utauongoza. Kisha jaribuni wenyewe, naye awasahihishe, ndipo mwandike.

Fanyeni hima, maana mzee akifa, mkono wake huzikwa pamoja naye, na ujuzi ambao hakuna aliyeutazama haurudi tena.