Kengele Ikilia Usiku

Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba, wavuvi ndio waliotangulia kufika. Watu 19 walifariki, 24 wakanusurika. Somo kwetu Mwanza ni hili: mwokozi wa kwanza ni aliye karibu.

Kwa mtoto mwenye usonji au ulemavu wa akili, aliye karibu ni mlezi, matroni au mpishi wa bweni. Kengele ya moto ikilia, mtoto huyo huenda asikimbie. Ataziba masikio na kujificha uvunguni. Mwenye mtindio wa ubongo huenda akahitaji kubebwa. Mwenye kifafa, dawa zake zimfuate anakohamishiwa.

Haya hayafundishwi kwa bango ukutani. Yanataka mazoezi, hasa ya usiku, walezi wanapokuwa wachache, kwa kushirikiana na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, simu 114. Mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ulioridhiwa na Tanzania mwaka 2009, unaagiza katika ibara ya 11 walindwe wakati wa maafa. Lakini ibara haimbebi mtoto mgongoni. Humbeba mlezi aliyefunzwa.